Shubiri Moja Kutoka Ukutani

Mzee Eustaki alikuwa na sheria moja tu sebuleni kwake, na sheria yenyewe ilikuwa na urefu wa shubiri moja. Meza ya redio ilitakiwa ikae mbali na ukuta kwa kadiri ya kiganja chake kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Akirudi kutoka shambani, kabla hata ya kuvua viatu, alipita nyuma ya meza akapima. Akikuta pungufu, aliivuta meza mwenyewe huku akiguna.

"Meza imesimama katikati ya nyumba kama mgeni aliyekataa kukaa," mama Jovina alikuwa akilalamika. "Watu wakiingia wanauliza kama tunahama."

"Waambie tunahama."

"Na huo waya wako huko nyuma, kama mkia wa panya."

"Mkia huo, Kristiana, ndio unaoniletea Mpanda na Kigoma hapa Izia bila nauli."

Jovina aliwasikiliza akicheka chini chini. Ndiye mtoto pekee aliyebaki nyumbani. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira, na kusubiri kwenyewe hakukumsumbua sana, kwa sababu kilichomtia hofu si kukosa kazi bali kusimama mbele ya darasa. Chuoni wenzake walimwita Kimya. Akitumwa dukani alipenda aende wakati hakuna wateja wengine.

Baba yake alikuwa fundi wa simu za waya kabla ya kustaafu, na redio ndiyo iliyokuwa starehe yake. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, bila mshahara. Majirani waliiita redio ya upepo. Waya wa antena ulitoka juu ya mkaratusi uani, ukapita dirishani, ukaja kuingia mgongoni mwa redio. Jovina alifundishwa, akafanya mtihani, akapata leseni yake, lakini hewani hakuwahi kuzungumza na mtu mwingine zaidi ya baba yake. Wazee wa Mpanda na Kigoma wakiita, alimpa baba kipaza sauti na kwenda kuchochea moto.

"Tazama hapa," baba alimwambia siku moja, wameigeuza redio juu ya mkeka. Alimwonyesha soketi ya nyuma, pale plagi nene ya waya wa antena ilipoingizwa na kukazwa kwa kuzungushwa. "Redio hii yote ni chuma. Ukiiangusha itakuumiza mguu wewe. Hapa tu ndipo ilipo nyama. Hii ni shingo. Ndani yake kuna sindano nyembamba imeshikwa na tone la risasi ya kuchomelea, basi. Waya ukikunjwa, ukisukumwa, ukining'inizwa, hapa ndipo panapovunjika. Na pakivunjika hutaona kitu. Kwa nje itaonekana nzima."

"Nitajuaje sasa?"

"Utasikia sauti za mbali, zinakuja na kupotea. Na ukibonyeza kuzungumza, taa hii itawaka nyekundu. Ikiwaka, achia. Sauti yako imekosa pa kutokea, inarudi ndani. Ukilazimisha unaunguza redio. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Nani kakuambia uogope? Cheka kidogo."

Mwaka huo mpunga wa bondeni ulikuwa umestawi vizuri. Mzee Eustaki alikuwa na shamba upande wa Muze, chini ya ukingo wa mlima wa Lyamba lya Mfipa, kule ambako watu wa huku juu kwenye baridi hushuka kulima joto. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege huja kama vumbi, na lazima mtu akae shambani kuwaamia na kuwafukuza. Watoto wake walimwambia aajiri kijana. Aliajiri kijana, kisha akashuka naye. Alijenga dungu refu la miti minne, akaezeka nyasi, akapandisha juu godoro, sufuria, betri ya sola na redio yake ya pili, ndogo, ya safari. Mnara wa simu wa bondeni ulikuwa umepigwa na radi tangu Februari na hakuna aliyekuja kuutengeneza, kwa hiyo redio ile haikuwa starehe tena. Kila jioni baada ya taarifa ya habari aliifungua kwa muda mfupi, ili asimalize betri, akaita.

"Izia, Izia, hapa dunguni. Mmekula nini? Ova."

"Ugali wa ulezi na maharage, baba. Ova."

"Mimi nimekula ndege. Mwambie mama yako nimekula ndege aliyekula mpunga wangu, kwa hiyo nimekula mpunga. Ova."

Mama alikuwa akisikiliza kutoka mlangoni, mikono imejaa unga. "Ova, ova. Mwambie ale mboga."

Wiki ya tatu ya Kwaresima, zamu ya Jumuiya ikafika nyumbani kwao. Kila kaya hupokea sala kwa zamu, na mama Jovina hakuwa mwanamke wa kupokea watu katika nyumba isiyotazamika. Tangu asubuhi alifua vitambaa vyake vya kufuma, akavipiga pasi, akavitandika kwenye viti, juu ya kabati, juu ya televisheni. Jovina alitumwa nyumba ya tatu kuazima mabenchi. Aliporudi, benchi moja kichwani, alikuta sebule imekuwa kubwa ghafla. Meza ya redio ilikuwa imesukumwa hadi ukutani, imegusa ukuta, na juu ya redio kulikuwa na kitambaa cheupe chenye maua ya bluu na sanamu ya Bikira Maria katikati.

"Si panapendeza?" mama aliuliza. Jasho lilikuwa likimtoka, uso umechangamka. "Watu thelathini watakaa hapa bila kubanana. Sijui kwa nini baba yako anapenda meza ikae njiani."

Jovina alichungulia nyuma. Waya mgumu wa antena, ambao ulitakiwa utoke mgongoni mwa redio ukiwa umenyooka, ulikuwa umekunjwa kama kidole kilichobanwa mlangoni. Alifungua mdomo. Wakati huohuo mwenyekiti wa Jumuiya akabisha hodi na wimbo wake tayari mdomoni, nyuma yake wanawake watano, na mama akapita kwenda kuwapokea akiwa amenyoosha mikono miwili. Jovina akafunga mdomo. Akaweka benchi chini.

Watu walipoondoka aliivuta meza, akapima kwa kiganja chake ambacho kilikuwa kidogo kuliko cha baba, akaongeza kidogo. Waya ulionekana mzima. Plagi ilikuwa imekaza.

Jioni ile sauti ya baba ilikuja kutoka mbali, ikakatika, ikarudi. Jovina alishika waya pale kwenye shingo, akauinua kidogo, na sauti ikafunguka kama mtu aliyetolewa blanketi usoni. Akauachia, ikazama. Alifahamu papo hapo. Mama alikuwa mlangoni, bado anazungumzia wageni, bado ana furaha: fulani alisifu vitambaa, fulani aliomba afundishwe kufuma yale maua ya bluu.

"Sauti yako inakatika leo," baba alisema. "Kuna nini? Ova."

Jovina alimtazama mama yake. Alijua itakavyokuwa. Baba angeuliza nani kaisukuma meza. Angefoka, kwa sababu kwa jambo hilo moja tu alikuwa akifoka kweli, na mama angesimama mlangoni na furaha yake yote ikamtoka usoni mbele ya mtoto wake.

"Mvua, baba," alisema. "Huku kuna mvua. Ova."

"Sawa. Huku pia inakuja. Laleni salama. Ova."

Baadaye alikunja kitambaa kimoja mara nne, akakiweka chini ya waya ili uinuke. Jioni zilizofuata ikawa inafaa, jioni nyingine kidogo, nyingine zaidi. Alijiambia atampelekea fundi Masanja kule Mazwi siku ambayo mama hayupo, ili asiulizwe. Kisha akajiambia baba atapanda mwenyewe baada ya mavuno, na atamwambia pole pole, wakiwa wawili, wameigeuza redio juu ya mkeka.

Mvua haikusubiri mavuno. Ilinyesha siku mbili juu ya Ufipa bila kupumua, na maji yote yanayonyesha juu ya Ufipa upande ule hushuka bondeni. Siku ya pili jioni Jovina alifungua redio mapema. Aliinua waya, akaushusha, akauzungusha. Kulikuwa na mvumo tu. Kisha ndani ya mvumo ikaja sauti, vipande vipande, kama mtu anayezungumza akizama na kuibuka.

"...maji... pande zote... kijana alikwenda kwao... dungu... nipo juu... mnanisikia..."

"Baba!" Jovina alibonyeza. "Baba, tunakusikia! Ova!"

Taa ikawaka nyekundu.

Aliachia. Mama alikuwa amekuja na kusimama nyuma yake, amemshika bega.

"Mjibu. Mbona humjibu?"

"...mnanisikia... Kristiana..."

Jovina akabonyeza tena. Nyekundu. Akaukaza waya kwa mkono wa kushoto, akauvuta juu, akabonyeza, akazungumza, nyekundu, akazungumza juu ya ile nyekundu, akaita jina la baba na jina la shamba na kila alichofundishwa, na hakuachia. Aliachia aliposikia harufu. Ilikuwa harufu ndogo, kali, kama ya nywele zilizogusa mshumaa.

"Nini hiyo?" mama aliuliza.

"Sijui," Jovina alisema, naye alijua.

Usiku uleule walimpigia simu baba mdogo Mathias, na asubuhi alikuja na pikipiki yake na koti la mvua. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mzee Eustaki, mtu wa maneno mengi, lakini siku ile hakuwa nayo.

"Nashuka," alisema. "Nikifika Muze natafuta wavuvi wenye mtumbwi. Barabara ya mlimani imekatika mahali, nitaisukuma pikipiki. Leo jioni sifiki kwake. Kesho asubuhi, jua likitoka, nitakuwa naye. Nyie kazi yenu ni moja, mwambieni akae. Asishuke kwenye dungu. Yule kaka yangu namjua, hawezi kungoja."

"Redio imeharibika," Jovina alisema.

"Basi itengenezwe."

Aliondoka. Jovina akaifunga redio kwenye kanga, akapanda bodaboda hadi Mazwi, akiipakata kama mtoto mgonjwa. Kibanda cha fundi Masanja kilikuwa na redio za kila aina zilizofunguliwa matumbo, na Masanja mwenyewe alikuwa katikati yake akinywa chai.

"Mambo, dada Jovina. Mzee hajambo? Leo kakutuma wewe?"

"Yuko bondeni. Maji yamemzunguka. Tafadhali, kaka Masanja, nina haraka."

Masanja akaweka kikombe chini. Hakuuliza tena. Alifungua skrubu, akainua mfuniko, akamulika kwa tochi ya simu. Aligusa soketi kwa kidole, nayo ikacheza kama jino la mtoto.

"Hii imesukumwa," alisema. "Ona, imeng'oka na kipande cha bodi. Sindano imebaki inagusa kwa bahati tu. Imesukumwa ukutani hii, dada, tena si jana."

"Najua."

"Soketi ya kubadilisha sina. Mpaka Mbeya. Lakini nitakukatia waya wenyewe niuchomelee moja kwa moja ndani, bila soketi. Haitapendeza, ila utasikia."

Alichomelea kwa muda mrefu, moshi wa risasi ukipanda. Kisha aliunganisha redio na kipande cha waya alichokitupa juu ya bati, na redio ikajaa sauti: Wakongo wakicheka, mtu akiimba, mlio wa saa kutoka mahali. Jovina alifunika uso kwa kanga.

"Kupokea ni safi," Masanja alisema. "Kutuma siwezi kukuhakikishia. Hapa sina antena ya kujaribia, na kuna mahali humu pana weusi kidogo. Ulibonyeza ikiwa hivi?"

"Kidogo," alisema Jovina.

Masanja alimtazama, akarudisha mfuniko. "Mzee Isdori wa Mpanda si rafiki yake hewani? Mpigie simu, naye afungue redio yake. Wakiwa wawili wanaomwita, mmoja atasikika. Polisi na hospitali wana redio zao, lakini masafa yao mengine, na mzee anafungua dakika chache tu jioni."

Ni kweli namba ya mzee Isdori alikuwa nayo. Baba ndiye aliyemwekea kwenye simu. Njiani kurudi aliitoa mara mbili, akaitazama. Hajawahi kuzungumza na mzee yule. Angeanzaje? Shikamoo, mimi ni binti wa Eustaki, nimeharibu redio. Alijiambia kwamba kama redio imepona, hakuna haja ya kumsumbua mzee wa watu. Akairudisha simu mfukoni.

Jioni, waya wa antena ukiwa umeshaunganishwa, walikaa wote wawili mezani, meza ikiwa shubiri moja kutoka ukutani, na hata zaidi. Taarifa ya habari ikaisha kwenye redio ya jirani. Kisha baba akaja, wazi, karibu, kana kwamba amekaa chumba cha pili. Walisikia hata maji yakigonga miti ya dungu.

"Izia, Izia, hapa dunguni. Jovina. Mama Jovina. Sijui kama mnanisikia. Maji hayajapungua. Yamefika ngazi ya tatu, na nguzo moja inatikisika. Nimengoja jana, nimengoja leo. Kama mnanisikia na kuna mtu anakuja, niambieni nikae, na mimi nitakaa. Kama hakuna, alfajiri nitashuka nivuke hadi tuta la barabara. Naliona kutoka hapa, si mbali. Ova."

Jovina akabonyeza. Hakukuwa na taa nyekundu. Hakukuwa na taa yoyote. Kwenye kisahani kidogo cha usoni mwa redio, ambacho mshale wake huruka mtu anapozungumza, mshale ulilala palepale.

"Baba, kaa! Baba mdogo anakuja na mtumbwi! Asubuhi! Kaa hapo hapo! Ova!"

Mvumo.

"Sisikii kitu," baba alisema. "Jaribuni tena. Ova."

Alijaribu tena. Alijaribu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa maishani, sauti iliyowatoa majirani nje, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuitwa Kimya. Mshale haukutikisika. Mama akamnyang'anya kipaza sauti. Mwanamke ambaye kwa miaka yote hakuwahi kukigusa zaidi ya kukifuta vumbi alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza mdomoni.

"Baba Jovina! Kaa! Unanisikia wewe mwanamume? Usishuke! Kaa!"

"Bonyeza, mama. Bonyeza hapa."

"Nimebonyeza! Eustaki! Kaa!"

"Haya," ilisema sauti ya baba, taratibu, bila kumjibu mtu. "Nadhani ni shingo. Jovina, kama unanisikia ila huwezi kujibu, tazama shingo. Meza isogezeni. Nazima sasa, betri imebaki kidogo. Asubuhi siifungui, nitaifunga vizuri isilowe. Laleni salama. Ova."

Mvumo ukabaki peke yake.

"Yule rafiki yake," mama alisema. "Yule wa Mpanda. Hatuna namba yake?"

Jovina alikuwa tayari ameitoa simu. Mzee Isdori alipokea mara moja. Alisikiliza bila kumkatiza, kisha akasema, "Amezima sasa hivi?"

"Sasa hivi, mzee."

"Binti yangu. Mbona hukunipigia mchana?"

Hakungoja jibu. Baada ya muda mfupi sauti yake ikatoka kwenye redio ya Izia, nzito, safi, inayojua kazi yake. "Dunguni, dunguni, hapa Mpanda. Eustaki, ndugu yangu, kaa hapo ulipo. Mtumbwi unakuja asubuhi. Kaa. Ova." Aliita, akanyamaza kusikiliza, akaita. Waliendelea kumsikia mpaka sauti yake ikaanza kukwaruza. Alfajiri alianza tena, kabla kuku wa jirani hawajawika, na mama Jovina alikuwa amekaa palepale, kipaza sauti bado mapajani. "Kaa hapo ulipo, Eustaki. Ova." Nje mvua ilikuwa imeacha. Anga upande wa bonde ilikuwa nyeupe na tulivu, asubuhi ambayo mtu yeyote angesema inafaa kwa safari.

Mathias alirudi siku ya pili yake, nyuma ya gari la mizigo, pamoja na kaka yake aliyefungwa kwenye turubai. Mathias mwenyewe alikuwa amepoteza kiatu kimoja. Aliwaambia yote akiwa amesimama, kama mtu anayeogopa akikaa hatainuka.

"Tulifika jua limeshatoka. Dungu limesimama. Hata sasa limesimama, maji hayakuliangusha. Juu kuna godoro, kuna sufuria imeoshwa. Redio kaizungushia nailoni, kaiweka juu kabisa kwenye paa, kofia yake juu yake. Yeye hayupo. Tulimkuta mchana, kwenye matete, upande wa tuta. Alikuwa amebakiza kidogo, shemeji. Kidogo sana."

Mama Jovina alisema, "Hakusikia."

Jumuiya ilikuja yote mazishini. Wanawake walipika uani, wanaume walikaa kwenye mabenchi yaleyale ya kuazima, na baridi ya Izia ikawafanya wavute makoti. Watu walipozidi ndani, wawili wakaishika meza ya redio, huku na huku.

"Tuisogeze ukutani hii, watu wapate pa kukaa."

"Isiguswe," mama alisema kutoka kwenye mkeka.

"Ni kidogo tu, mama Jovina."

"Nimesema isiguswe."

Wakaiacha. Watu wakasali wakiizunguka, imesimama katikati yao, na waya uliochomelewa na Masanja umetokeza mgongoni bila plagi wala soketi, mbaya kama kidonda kilichoshonwa vibaya.

Matanga yalipoanuliwa na mabenchi yakarudishwa, Jovina aliamka asubuhi akamkuta mama anafagia sebule. Vitambaa vyote vya kufuma vilikuwa vimetolewa. Vilikuwa vimekunjwa kwenye beseni, hata kile chenye maua ya bluu.

"Masanja alisema nini?" mama aliuliza, bila kugeuka. "Kuhusu redio. Iliharibikaje?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni kwa Jovina. Kutu. Kutu, mama, au mvua, au uzee wa redio. Lilikuwa jibu jepesi, la huruma, la aina ileile aliyompa baba siku ya Jumuiya, na alihisi likimpanda kooni kwa njia ileile.

"Ilisukumwa ukutani," alisema. "Shingo ikavunjika."

Ufagio ukasimama.

"Siku ya Jumuiya."

"Siku ya Jumuiya. Niliiona. Jioni ile ile niliona, nikaweka kitambaa chini ya waya. Baba aliniuliza, nikamwambia mvua." Alikuwa akilia, lakini aliendelea kusema, kwa sababu alijua akinyamaza hatasema tena. "Niliogopa atakugombeza. Ulikuwa umefurahi. Sikutaka akugombeze."

Mama alikaa kwenye kiti kilicho uchi, ufagio mikononi. Alitazama nafasi kati ya meza na ukuta. Uso wake haukuwa na hasira. Jovina alitamani uwe nayo.

"Ungesema, mwanangu," mama alisema. "Angenigombeza, basi. Angefoka mpaka ova, halafu angelala." Akafuta pua kwa upande wa kanga. "Amenigombeza miaka thelathini. Sijafa."

Aliinuka. Akazunguka nyuma ya meza, akatanua kiganja chake kati ya mgongo wa redio na ukuta, kidole gumba huku, kidole cha mwisho kule. Hakikufika. Hakuivuta meza, wala hakuondoa mkono. Alisimama hivyo, ameinama, mkono umetanuka, na Jovina hakujua amwendee au amwache.